VITA KATIKA MTI, SHABA NA WINO

Hotuba iliyotolewa Machakos mbele ya wachonga vinyago, walimu na wanafunzi



Nimetakiwa niseme machache juu ya namna mafundi wa sanaa wanavyovionyesha vita. Wengine wangeanza na Ulaya, penye picha kubwa za farasi na mizinga. Mimi sina haja ya kwenda mbali hivyo, maana sanaa iliyolitangaza jina la Ukambani ulimwenguni ilitoka vitani.

Vita Vikuu vya 1914 hata 1918 vilipopamba moto katika Tanganyika, jeshi la Waingereza lilihitaji watu wa kuchukua vyakula na risasi, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe, na njia za motokaa zilikuwa chache. Mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya watu hao alipewa Bwana John Ainsworth, yule yule aliyekuja kukaa katika boma hili la Machakos mwaka 1892. Vijana wakatolewa vijijini kwa maelfu, wapende wasipende. Wachukuzi waliokufa ni makumi ya maelfu, na walio wengi hawakupigwa risasi: waliuawa na kuhara, homa na chakula kibaya. Majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yametokana na wachukuzi hao.

Miongoni mwa Wakamba waliochukuliwa kwenda vitani alikuwa Mutisya Munge wa Wamunyu. Husimuliwa kwamba huko Tanganyika aliwaona Wazaramo wakichonga vinyago vya mpingo, naye akajifunza. Vita vilipokwisha akarudi kwao na ufundi huo mikononi. Wakamba walikuwa mafundi tangu zamani. Nani asiyevijua viti vyetu vya miguu mitatu? Lakini kuchonga sanamu za kuuza lilikuwa jambo geni, nalo likaenea kutoka nyumba hata nyumba, mpaka Wamunyu ikajulikana na watu wasioweza kuionyesha kwenye ramani.

Hapa ndipo moyo wangu unaposita. Sanaa iliyoletwa na vita haisimulii vita. Tazama vibandani: utaona twiga, kifaru, na Mmasai amesimama wima na mkuki wake. Mchukuzi aliyeinama chini ya mzigo humwoni. Simlaumu mchongaji. Yeye huchonga kinachonunuliwa, na karo ya watoto hailipwi kwa huzuni.

Serikali ya wakati ule ilimwita fundi wa Kiingereza, James Alexander Stevenson, atengeneze sanamu za shaba za ukumbusho. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni askari mmoja na bunduki yake yenye singe. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wachukuzi, lakini mchukuzi mwenyewe hayupo. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Kwa hiyo naipenda zaidi ile ya Nairobi, ingawa wapitao mbele yake kila siku ni wachache wanaoinua macho.

Washairi wa Kiswahili walijaribu zaidi. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi katika Mrima, vita vya Abushiri aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji, vita vya 1905 hata 1907. Hao walitunga habari za nchi yao wenyewe. Shaaban Robert naye alitunga utenzi mrefu sana wa vita vya 1939 hata 1945, uliopigwa chapa mwaka 1967, yeye akiwa amekwisha fariki. Hakuwa askari, alikuwa mtumishi wa Serikali Tanganyika, na vita alivipata kwa habari. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, utenzi wake unaona mbali kuliko unavyoona karibu. Miaka hiyo hiyo vijana wa Ukambani walikuwa Burma, na mwaka 1944 majeshi ya Afrika ya Mashariki yalikwenda hata mto Chindwin katika mvua na matope. Mtu aliyezama matopeni hata magoti hana nafasi ya kupanga vina.

Wazee hao karibu wote wamekwisha kwenda zao, na wachukuzi wa vita vya kwanza wamekwisha kabisa. Lakini wajukuu wao wapo, na baadhi yenu mliokaa hapa mna tezo nyumbani. Ombi langu ni dogo. Baada ya twiga ishirini wa kuuza, chongeni mchukuzi mmoja. Mpeni mzigo wake kichwani, mbavu zake zionekane, na miguu isiyo na viatu. Mgeni akipita asimnunue, msimshushie bei. Mwekeni shuleni, watoto wa Wamunyu waulize ni nani.