Nani Alikosa? Neno juu ya Watoto Wenye Mgongo Wazi

Neno letu la leo linatoka katika Injili ya Yohana, sura ya 9.

Yesu alikuwa anapita na wanafunzi wake, wakamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi hawakuuliza tumsaidie namna gani. Waliuliza nani alifanya dhambi, yeye ama wazazi wake. Yesu alikataa swali hilo. Alifanya tope, akampaka yule mtu machoni, akamtuma aende kunawa katika birika la Siloamu. Mtu akaenda, akanawa, akarudi anaona.

Wapendwa, swali la wanafunzi tumeliuliza hata sisi. Tuungame leo mbele ya Mungu na mbele yenu.

Kulikuwa mama mmoja katika kusanyiko letu. Mtoto wake alizaliwa na mgongo wazi: uti wa mgongo haukujifunga vizuri tumboni, akatoka na uvimbe chini ya mgongo. Madaktari waliufunga. Mtoto akakua, akili yake nzuri, anaimba kuliko wenzake. Lakini mkojo ulikuwa unatoka wenyewe. Siku ya Mungu watu waliokaa karibu naye walisogea, kisha benchi lote likahama. Tulimwombea mara nyingi, na baada ya maombi tulimwuliza mama kama kuna jambo alificha. Mama hakujibu. Akaanza kumnyima mtoto maji tangu Jumamosi jioni, ili Jumapili awe mkavu na sisi tuache kusogea. Mtoto akashikwa na homa kali. Hospitali walisema mkojo ulikuwa unarudi nyuma mpaka kwenye figo, na figo zilikuwa zimeanza kuharibika.

Dhambi ilikuwa ya nani hapo? Si ya mama, wala si ya mtoto.

Tuelewe ugonjwa huu, maana kutoelewa ndiko kunatufanya tuhukumu. Mishipa inayoamuru kibofu inatoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Ikiharibika, mtoto hasikii kibofu kikijaa, tena hawezi kukifungua wala kukifunga kwa kupenda kwake. Kumchapa hakusaidii kitu. Si uvivu, na si pepo wa mkojo.

Mnajua bidoni ya maji ikiachwa chini ya bomba. Ikijaa, inamwagika juu, lakini ndani ingali imejaa. Kibofu cha watoto wengi hawa kiko hivyo. Tunaona nguo zimelowa, tunafikiri kibofu ni kitupu, kumbe kimejaa na kinasukuma. Mkojo uliokaa unaoza, unaleta maambukizo. Ukisukumwa kwa nguvu unapanda kwenye figo. Figo zinaweza kufa polepole bila mtoto kulalamika. Ndiyo sababu mtoto mwenye mgongo wazi apimwe mkojo na figo tangu mdogo, hata kama anaonekana mzima.

Msaada upo, na si wa matajiri tu. Ni sondi, yaani mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Unaingizwa, mkojo unatoka wote, kisha unaondolewa. Mara nyingi inafanywa kila baada ya saa tatu ama nne mchana, kama daktari atakavyopanga. Zamani watu walidhani kazi hiyo ni ya hospitali tu, na vyombo vilivyochemshwa. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha: mikono iliyonawa na mpira uliooshwa. Jambo kubwa ni kibofu kisikae kimejaa. Tangu hapo mama anaweza kufanya kazi hiyo nyumbani, na watoto wengi wanajifunza kujifanyia wenyewe wakiwa na miaka sita mpaka minane hivi.

Hapa Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, maji ni ya kutafuta, na wengi wanachota ziwani Kivu. Kwa hiyo tunasema wazi: maji ya kunawa na kuoshea sondi yawe yametiwa klorini ama yamechemshwa, na sabuni iwepo. Sondi ikauke na itunzwe katika chombo safi chenye kifuniko. Muuguzi ndiye afundishe mara ya kwanza. Jirani asijaribu tu. Wengine wanahitaji pia dawa ya kulegeza kibofu, kama oksibutinini, lakini ni daktari anayeipima. Mtoto anywe maji ya kutosha. Choo kigumu kishughulikiwe, maana kinakandamiza kibofu. Na mwambieni muuguzi atumie vifaa visivyo na lateksi, kwa sababu watoto hawa wengi miili yao inaikataa. Mkiona homa, kutapika, ama mkojo mchafu wenye harufu kali kuliko siku zote, msingoje mkesha wa Ijumaa. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mji huu unajua aibu ya mkojo. Wamama wangapi walifukuzwa kwa sababu ya fistula, kisha wakatengenezwa katika hospitali ya HEAL Africa, wakarudi kuimba katika kwaya? Tulijifunza kuwapokea. Basi tuwapokee na watoto. Anzeni katika kituo cha afya chenu, ombeni mwelekezwe kwenye hospitali kubwa. Ng'ambo ya mpaka, huko Mbale, Uganda, iko hospitali ya watoto ya CURE, inayojulikana kwa kutibu mgongo wazi na kichwa maji.

Kwa ninyi mabinti na wamama vijana: uti wa mgongo wa mtoto unajifunga kabla ya siku ya 28 ya mimba, wakati wengi hawajajua kama wamebeba. Mboga kama lengalenga, na maharagi, ni chakula chema, lakini vidonge vya asidi foliki vianze kabla ya mimba, mikrogramu 400 kila siku. Aliyezaa mtoto wa namna hii amwone daktari kabla ya mimba ingine, apewe kipimo kikubwa zaidi. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa wamama wa namna hiyo kidonge kilizuia karibu visa saba katika kila kumi.

Kuna mtu atauliza: je, maombi tuyaache? Hapana! Tunaomba, na tutaendelea kuomba. Lakini Yesu mwenyewe alitumia tope na maji, akamtuma mtu akanawe. Aliyenawa hakukosa imani. Kunawa kulikuwa utii. Hata mama anayenawa mikono na kushika sondi kila saa tatu anatii. Asiambiwe na mtu yeyote aiache ili kuonyesha imani.

Na sisi tutii. Ibada zetu zinapita saa nne, na mtoto huyu hawezi kungoja. Kwa hiyo katika kanisa letu tumetenga chumba kidogo chenye mlango unaofungwa, maji, sabuni na meza. Tunaomba kila kusanyiko na kila shule zifanye hivyo. Mtoto yule sasa anatoka katikati ya ibada na mama yake, anarudi mkavu, anakaa benchi la mbele. Anakunywa maji Jumamosi jioni kama watoto wote.

Tuombe. Bwana Yesu, utusamehe kwa kila mara tuliposogea. Uwatie nguvu wamama hawa, ulinde figo za watoto wao, utufundishe kukaa karibu nao. Amina.