KUMTAFUTA BABU ALIYEKUWA ASKARI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama, Mvumi, Kilosa)



Nimeombwa niseme machache juu ya kutafuta nasaba ya mtu ambaye babu yake alikuwa askari. Nashukuru kwa heshima hii. Sisi watu wa ofisi twajua sana kutunza majalada ya watu wengine. Majalada ya nyumba zetu wenyewe hatuna.

Nyumbani kwetu lilikuwako neno moja tu: “Babu yenu mkubwa alipigana Maji Maji.” Nalilisimulia shuleni kwa fahari. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojiuliza: alipigana upande gani?

Nikaanza kwa wazee. Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda huhesabu ukoo kwa mama. Askari wa mbali akioa huku, watoto wake walikuwa wa ukoo wa mama yao. Kwa hiyo atakaye kumwona babu askari, na amtafute kwanza bibi aliyemwoa. Nalihangaika miaka miwili upande wa babu. Nilipokwenda kwa watu wa bibi, nikajibiwa kwa siku moja.

Pili, pimeni miaka. Wazee hawataji tarehe, bali hutaja vita. Vita vya Bushiri vilikuwa 1888 na 1889. Maji Maji, 1905 hata 1907. Vita Kuu ya kwanza, 1914 hata 1918. Aliyekuwa askari mwaka 1889 ni vigumu sana awe baba wa mtoto aliyezaliwa 1950. Mtu akisema hivyo, yaelekea ameruka vizazi.

Tatu, zitazameni karatasi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimehifadhi majalada ya Serikali ya Wadachi, na misioni zina vitabu vya ubatizo. Lakini majalada mengi ya jeshi lao yaliteketea Potsdam mwaka 1945. Basi maneno ya wazee yasidharauliwe. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuandika habari za Maji Maji kwa vinywa vya wazee. Bila kazi ile mengi yangalizikwa.

Sasa nitasema nililoambiwa. Kikongwe mmoja wa ukoo wa bibi alisema babu alikuja pamoja na Wadachi, naye alisema Kiarabu. Nikakumbuka ya kuwa mwaka 1889 Wissmann aliajiri Wasudani kama 600 huko Misri. Kisha akaongeza: ndugu wa bibi, tumbo moja, alikunywa maji huko Uvidunda, asirudi.

Mabwana, nalitaka kunyamaza. Fahari yangu ya shuleni ilikuwa imekwisha. Lakini bibi yule alikaa na mumewe, akamlilia nduguye, akawalea watoto, nami nimetoka humo. Nikimficha mmoja, nimemficha na bibi.

Nasaba si nishani ya kuvaa kifuani. Ni kama daftari la hesabu: huandikwa yaliyoingia na yaliyotoka, na karani mwaminifu hafuti mstari kwa kuwa unamwonea haya. Waulizeni wazee wenu mwaka huu, wala msingoje likizo ijayo.