Lebo Iliyo Chini ya Mto wa Kochi

Mazungumzo na wanunuzi na wapangaji wanaozungumza Kiswahili nchini Uingereza



Jioni ya leo nina ombi moja dogo: mkirudi nyumbani, inueni mito ya kochi lenu, mtazame kama pana lebo iliyoshonewa chini yake. Lebo hiyo ndiyo maudhui ya mazungumzo yetu.

Tarehe 8 Mei 1979, moto ulizuka katika duka la Woolworths mjini Manchester, kwenye sehemu ya kuuzia samani. Watu 10 walifariki. Makochi mengi ya siku hizo yalijazwa sponji ya kawaida ya poliurethani. Sponji hiyo ikishika moto huwaka kwa kasi kubwa na kutoa moshi mweusi wenye gesi za sumu, na moshi huo huweza kumwangusha mtu kabla mwali haujamfikia. Mikasa ya namna hiyo iliamsha madai ya sheria kali zaidi, na mwaka 1988 Uingereza ikatoa kanuni za usalama wa samani dhidi ya moto.

Kanuni hizo zinataka nini? Kitambaa na vijazio vistahimili sigara inayofuka. Kitambaa cha juu kistahimili mwali mdogo, mfano wa njiti ya kiberiti. Sponji ya ndani iwe ya aina isiyowaka kwa wepesi. Tena kochi jipya liwe na lebo ya kudumu, yenye maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni kwamba uzembe husababisha moto.

Msidhani kuwa kochi lenye lebo haliungui. Huungua, ila hukawia kushika moto, na dakika hizo chache ndizo za kuwaamsha watoto na kutoka nje.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Kanuni hizi humbana anayefanya biashara: mwenye duka, muuzaji wa samani zilizotumika, duka la hisani, na mwenye nyumba anayepangisha nyumba pamoja na samani zake. Hazimbani jirani anayekuuzia kochi lake mwenyewe, wala ndugu anayehama akakuachia lake. Nasi tunaijua desturi yetu: mgeni akiwasili kutoka Tanga au Mombasa, wenyeji humchangia vyombo, huyu kitanda, yule kochi. Ni desturi njema, wala isiachwe. Lakini zawadi hiyo haikukaguliwa na mtu yeyote. Mkaguzi wake ni wewe. Kabla hujaomba gari la kulibeba, inua mto.

Usipoiona lebo chini ya mito, tazama chini ya kochi lenyewe. Ukiikosa kabisa, usilichukue, hata likiwa la bure. Samani zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1950 hazimo katika kanuni hizi, lakini ni nadra kuletewa kochi la umri huo.

Ikiwa kochi lisilo na lebo ni la mwenye nyumba, mwandikie, umwombe alibadilishe, nawe ubaki na nakala ya barua yako. Asiposikia, peleka malalamiko kwenye idara ya viwango vya biashara ya halmashauri yenu. Kudai usalama si kukosa adabu.

Yako mambo mawili ya kuhadhari. La kwanza, usiikate lebo kwa sababu inakuchukiza macho. Siku utakapotaka kulitoa kochi, duka la hisani halitalipokea bila lebo. La pili, vile vitambaa vya kufuma na mashuka tunayopamba nayo makochi havikujaribiwa pamoja na kochi. Viwekeni mbali na mishumaa, hita na sigara.

Mwisho, jaribuni kengele ya moshi mara kwa mara. Moto ukizuka, tokeni nje, fungeni mlango nyuma yenu, pigeni simu 999, wala msirudi ndani kufuata kitu. Kochi hununuliwa tena, aliyelikalia hanunuliki.