Serikali Inatafuta Nini Katika Ndoa Yetu?



Mzee mmoja alituuliza mkutanoni: mahari nimetoa, ukoo umekula, serikali inatafuta nini hapa? Kusema kweli, hata sisi zamani tulikuwa upande wake. Ndoa ni ya Mungu na ya jamaa mbili.

Halafu tukakaa na mjane mmoja kwa chifu. Miaka kumi na minane na bwana yake, watoto wanne, shamba akilima yeye. Matanga yalipoisha, mashemeji waliandikisha warithi na jina lake halimo. Ati, "Hao walikuwa wanakaa tu." Mashahidi wa mahari? Mmoja amekufa, wa pili ndiye shemeji mwenyewe.

Sheria ya Ndoa ya 2014 haikuvunja mila. Inatambua ndoa za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote ziandikishwe. Za kimila zilianza Agosti 2017. Pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo tu kinatosha kuwa ushahidi. Umri ni miaka 18, na hapo hatubishani na serikali hata kidogo.

Nanyi wa njoo-tukae, msitegemee korti iwadhanie mmeoana. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba hiyo ni kwa nadra.

Kwa hiyo, baba, serikali haikupi mke. Inaandika tu kwamba unaye, ili ndugu zako wasije wakamkana. Alhamisi mje wawili wawili, na vitambulisho, tuwaonyeshe fomu za msajili.