Meli Imetia Nanga, Ufukwe Gani?

Msikilizaji, meli yenu ya kitalii imefunga gati Zanzibar asubuhi, jioni inaondoka. Mwende kuogelea wapi? Wengi hukimbilia Paje kwa sababu ya picha. Paje ni pazuri kweli, lakini ni pwani ya mashariki: maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Unabaki na mchanga, mwani na viumbe wenye miiba. Kuogelea ndiyo basi tena! Kwa hiyo uliza kwanza saa za maji kujaa na kupwa.

Yakipwa mchana, elekea Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako kina hakipotei sana. Ni kama kilomita 60 kutoka bandari ya Malindi, meli ilikofunga gati. Tenga saa moja na nusu kwenda, na zaidi kurudi. Patana nauli na dereva kabla ya kupanda. Beba maji, kofia, na kanga ya kujifunga, maana nguo za kuogelea hazivaliwi mitaani Mji Mkongwe. Na simu ikijibadilisha saa, wewe fuata saa ya meli.