Harufu ndani ya gari: tafuta chanzo kabla ya kununua marashi

(Hotuba ya msimamizi wa karakana ya magari ya kaunti kwa madereva wa matatu, teksi na magari ya mizigo, katika kikao cha usalama barabarani.)

Niliombwa nizungumze kuhusu utunzaji wa magari yaliyozeeka, nami nimechagua jambo moja tu: harufu. Naona wengine mnacheka. Lakini asubuhi nimepita hapo uwanjani nikitazama marashi yanayoning'inia kwenye vioo vya magari yenu, na gari moja lina matatu. Mwenye marashi matatu ana kitu anachokificha, hata kama yeye mwenyewe hajui ni kitu gani.

Nitawapa kisa. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa stesheni wagoni iliyokuwa ikibeba watu na mizigo kutoka mashinani. Dereva alitaka breki zitazamwe, basi. Alikuwa amekuja na muuguzi aliyesafiri kwa gari hilo kila wiki, na huyo ndiye aliyenivuta kando. Akaniambia, "Fundi, kila nikishuka humu kichwa kinaniuma na moyo unanichafuka. Nikikaa nje saa moja hivi, napata nafuu. Dereva anasema mimi ndiye nisiyeweza safari."

Dereva hakuwa mwongo. Yeye aliendesha dirisha lake likiwa wazi na hakuhisi lolote. Muuguzi aliketi nyuma, na siku nyingine alikuwa amempakata mtoto wa mgonjwa.

Nikaketi kiti kile cha nyuma, tukazunguka hadi barabara kuu na kurudi. Chini ya harufu ya marashi ya ndimu kulikuwa na moshi.

Gari likalala kwetu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kijana wangu akaliwasha hapo nje, nami nikaziba mdomo wa bomba la moshi, ile ekzosi, kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Bomba likiwa zima, moshi hukandamizika na kukusukuma mkono. Likiwa na tundu, moshi hutokea huko na utausikia ukifoka. Tuliusikia karibu na sailensa, upande wa juu ambao huwezi kuuona kwa kuinama tu. Kutu ilikuwa imekula bomba hadi kidole kingepita.

Kazi haikuishia hapo. Moshi ulio chini ya gari lazima upate pa kuingilia. Nikachukua karatasi, nikaifungia kwenye mlango wa nyuma, nikaivuta. Ilitoka kama imewekwa mezani. Raba ya mlango ilikuwa imechanwa na magunia na mitungi ya maziwa. Gari la umbo lile likienda kasi, hewa huzunguka nyuma yake na kuuvuta moshi kuelekea mlangoni. Ndiyo maana nawasihi wanaobeba mbao au mabomba wakiacha mlango wa nyuma wazi: mnamvutisha abiria wenu moshi safari nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika moshi wa injini mna hewa inayoitwa kaboni monoksidi, na ya petroli ndiyo huitoa kwa wingi. Haina rangi wala harufu. Mnachonusa ni vitu vingine vilivyo katika moshi huo, na yenyewe huja pamoja navyo kimyakimya. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inashindwa kupeleka oksijeni mwilini. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Nasi tukimwona abiria amelala nyuma twasema amechoka. Harufu ya moshi ndiyo onyo la pekee mnalopata, na marashi yanalifunika onyo hilo. Abiria wawili wakilalamika kichwa katika gari moja, simamisha, fungua milango yote, washushe. Aliyelegea au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Magari yetu mengi yaliingia nchini yakiwa yametumika tayari. Sheria inaruhusu yasiyozidi miaka 8, halafu sisi tunayaendesha miaka mingine mingi juu yake. Rangi inaweza kung'aa huku raba zote zimekauka. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, uliza maswali. Harufu huja gari likiwa limesimama au likienda? Asubuhi au injini ikishapata moto? Baada ya mvua? Baada ya kujaza tangi? Ukifungua feni tu? Majibu hayo huniondolea nusu ya kazi.

Ikiwa huja baada ya kujaza mafuta, tazama mpira unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi. Ikiwa ni petroli mbichi wakati wote, fuata mipira ya mafuta tangu tangini hadi kwenye injini, pamoja na pale pampu inapoingia kwenye tangi, ambapo katika magari mengi ni chini ya kiti cha nyuma. Tumia tochi. Nimewahi kumwona fundi akimulika kwa kiberiti, na sikungoja kuona mwisho wake.

Mayai yaliyooza? Shuku betri inayochajiwa kupita kiasi. Injini ikinguruma, mita isome volti 14 na kitu. Ikipita 15, alteneta itazamwe upesi. Betri hiyo hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo hapo pia cheche marufuku.

Harufu tamutamu pamoja na ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele ni rejeta ndogo ya hita inayovuja kulanti. Wanaotia maji ya mfereji hawataipata harufu hii, watapata zulia lililolowa na injini inayochemka. Kulanti ni sumu na ina utamu, msiiache penye watoto wala mbwa.

Uvundo wa unyevu ndio unaoletwa karakana mara nyingi zaidi. Watu huosha viti, wanapuliza marashi, wiki ijayo umerudi, kwa sababu maji yako chini ya zulia, kwenye ile sponji. Inua zulia, bonyeza kwa mkono. Tandaza magazeti makavu usiku, kisha umwage maji sehemu moja baada ya nyingine: kioo cha mbele, mlango huu, mlango ule. Gazeti litakalolowa ndilo litakalokuonyesha njia. Kwanza kabisa ondoa majani yaliyojaa chini ya waipa, maana huko ndiko maji ya mvua yanakopitia, na uzibue kijimpira kinachotoa maji ya kiyoyozi. Maziwa yaliyomwagika nayo hayatoki kwa kitambaa. Ng'oa zulia, lioshe, lianike juani hadi likauke kabisa.

Na panya. Wanaoegesha karibu na maghala ya mahindi wananielewa. Fungua chujio la hewa nyuma ya kisanduku cha dashibodi kabla hujabomoa kiti chochote.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeleta karatasi na vitambaa, kwa hiyo baada ya chai tutatoka nje tuanze na gari lile lenye marashi matatu, mwenyewe akikubali. Ndugu yangu, popote ulipoketi, nenda ukayatoe sasa na ufungue milango, ili tukija tuweze kunusa.