Tembo Hulitia Maji: Lugha ya Mangwe katika Pwani ya Kenya



Mhadhara huu unahusu mahali ambapo watafiti wa lugha hupapita kwa haraka, kama si kwa aibu. Mahali penyewe ni mangwe, yaani kilabu cha tembo la mnazi. Katika Pwani ya Kenya, kandokando ya hori za Mtwapa na Kilifi na katika vijiji vya bara yake, mangwe huwa ni banda la makuti lenye mabao ya kukalia, chini ya minazi ileile inayogemwa. Hoja kuu ya mhadhara ni kwamba mangwe ni ghala la msamiati na la sarufi, na kwamba ghala hilo linaweza kufungwa kabla halijaorodheshwa.

Ni vyema kuanza na tembo lenyewe, kwa kuwa tabia yake ndiyo inayoeleza tabia ya mahali. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akalikata kwa kotama ncha ya karara ambalo halijafunguka, kisha akatega kibuyu. Utomvu unaodondoka ni mtamu, nao huanza kuchacha wenyewe tangu ukiwa mtini. Katika muda wa saa chache tembo tamu huwa tembo kali. Likilala zaidi ya siku moja huelekea kuwa siki. Kinywaji cha namna hii hakisafiri mbali wala hakiwekwi akiba. Ndiyo maana mangwe haina budi kuwa ya mtaa: mnywaji anamjua mwuzaji, mwuzaji anamjua mgema, na mgema anaijua minazi yake mmoja mmoja. Anayefika hapo hupiga hodi na kuamkia wazee kabla ya kukaa. Kinywaji huletwa katika kibuyu, ambacho kwa Wamijikenda huitwa mboko, pamoja na mrija wenye chujio mwishoni. Mazungumzo yanayofuata huhusu bei ya samaki, mpaka wa shamba, mahari na msiba.

Sasa tuitazame sarufi. Kila mwanafunzi anaijua methali isemayo: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengi huifundisha kwa ajili ya maadili yake, na wachache husimama kwenye kiambishi kidogo -li- kilichomo katika kitenzi *hulitia*. Kiambishi hicho ni cha yambwa, nacho kinatuambia kwamba tembo, kinywaji, limo katika ngeli ya li-/ya-: tembo hili limechacha. Tembo, mnyama, hufuata upatanisho wa viumbe: tembo huyu amelala. Umbo ni moja, ngeli ni mbili, na upatanisho ndio unaotenganisha maana. Leo wapo wasemao *tembo hii*, kwa kufuatisha *pombe hii*. Hilo si kosa la kukemewa. Ni badiliko la kuandikwa. Lakini hatuwezi kulipima badiliko hilo iwapo hatukusikiliza namna wagema wenyewe wanavyosema, na badala yake tukategemea methali iliyoganda.

Aidha, neno *mgema* lenyewe linaishia kwa -a, kama *mganga*, ilhali *mlevi* linaishia kwa -i, na hiyo -i ndiyo iliyoigeuza *w* ya *lewa* kuwa *v*. Kwa hiyo, mtu anayelitoa tembo na mtu anayelewa kwalo wameundwa kwa kanuni mbili tofauti za uundaji nomino. Mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia hana haja ya kwenda mbali.

Mfano mwingine ni neno *mnazi*. Mangweni, *mnazi umekwisha* hakumaanishi kwamba mti umekufa. Jina la mti limehamia kwenye kinywaji pamoja na ngeli yake, na mahali ndipo panapoondoa utata. Katika lugha za Wamijikenda kinywaji hichohicho huitwa *uchi*, neno ambalo Mswahili akilisikia bila kutarajia huweza kushtuka. Mshtuko huo ni somo la isimu linganishi. Kiswahili na Kimijikenda ni ndugu katika kundi la Sabaki, kama walivyoonyesha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, na ndugu hufanana kiasi cha kudhani kwamba wanaelewana hata pale wasipoelewana. Mangwe ni mahali ambapo undugu huo hufanyiwa kazi kila jioni, neno kwa neno.

Historia inathibitisha uzito wa mahali hapa. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai mwaka 1846, alikusanya msamiati wa kamusi yake, iliyochapishwa mwaka 1882, katika nchi ya minazi. Mwaka 1972 David Parkin alichapisha utafiti wake kuhusu Wagiriama wa Kaloleni, akaonyesha jinsi minazi, tembo na ushahidi wa wazee vilivyofungamana: aliyenunua minazi alihitaji wazee wa kushuhudia, na ushahidi wao ulikuwa wa mdomo. Hapo, kauli ilikuwa hati.

Lipo pingamizi linalostahili heshima. Waswahili walio wengi ni Waislamu, na ulevi kwao ni haramu. Inaweza kuulizwa, basi, kwa nini Taaluma za Kiswahili ziingie mangweni. Jibu ni kwamba kamusi si fatwa. Kuandika neno *kotama* si kumwalika mtu kunywa. Isitoshe, methali ya mgema imedumu katika vinywa vya watu ambao wengi wao hawajaonja tembo. Jamii ililiharamisha tembo, lakini haikuliharamisha neno lake.

Lipo na jambo zito zaidi. Mwezi Mei 2014, makumi ya watu nchini Kenya walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Hiyo haikuwa kazi ya mgema. Hata hivyo, methali ilikwisha kuonya juu ya atiaye kitu kisicho chake katika kinywaji cha watu. Mangweni, udanganyifu mkubwa ulikuwa maji, na mnywaji aliugundua kwa ulimi, kisha akamwita mwenye kosa kwa jina. Pombe isiyo na mgema anayejulikana haina wa kuulizwa. Msamiati unaotofautisha *tembo tamu*, *tembo kali* na *tembo lililolala* ulikuwa pia kipimo cha usalama, na neno *pombe* pekee haliwezi kuibeba kazi hiyo.

Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930, kilijengwa juu ya Kiunguja. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake, lakini ulilifanya neno la Mombasa au la Kilifi libishe hodi kama mgeni katika lugha yake lenyewe. Yapo mambo matatu yanayowezekana kufanywa sasa. La kwanza, wagema wazee wahojiwe na sauti zao zihifadhiwe, maana vijana wanaopanda minazi wanapungua. La pili, kila neno litakalokusanywa liandikiwe ngeli yake kama inavyotumika, pamoja na eneo lake. La tatu, wanafunzi watokao katika jamii za Wamijikenda wapewe kazi hiyo kama wenyeji wa taaluma, si kama watoa habari.

Mnazi ukikatwa, mwingine huweza kupandwa. Mgema akifa na maneno yake hayakuandikwa, hakuna mbegu iliyobaki.